Safari ya Italia na mama mkwe: begi la bluu, mgomo wa treni na ndizi za mtori

Mwalimu wa Namba (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu niliuahidi tangu mwaka jana, na wengine mmeanza kunifuata PM kama mnanidai mahari. Leo shule zimefungwa, nalipa deni.

Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na mama mkwe. Mama ni mkulima wa kahawa wa Kibosho, miaka 68, na safari yake ndefu kuliko zote kabla ya hapo ilikuwa Dar kwenye harusi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ameolewa Bologna na ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Kwangu mimi ile ilikuwa likizo. Kwa mama ilikuwa kazi: anakwenda kulea mzazi. Na Mchaga halei mzazi bila mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na mtori haupikwi kwa ndizi yoyote uliyoikuta sokoni. Kwa hiyo begi lake la bluu lilikuwa na chane tano za mshare mbichi, zimekatwa asubuhi ileile, kila chane imeviringishwa kwenye kitenge kama kichanga.

Kabla hamjaniuliza: ndizi ni mojawapo ya matunda machache sana ambayo Umoja wa Ulaya unamruhusu abiria kuingia nayo bila cheti cha mimea. Nanasi, nazi na tende pia zimo. Nyama na maziwa ndiyo hawataki kabisa. Nilimsomea mama hilo mara tatu mpaka akatoa nyama yake ya kukausha, akanuna hadi Boma Ng'ombe.

Sasa kuna jambo mlijue kuhusu kusafiri na mkweo. Huwezi kugomba. Mimi nyumbani ni mtu wa kupandisha sauti kwenye kaunta, mke wangu ananijua. Lakini mbele ya mama mkwe unameza. Unameza mpaka tumbo linajaa. Nikadhani huko kumeza ndiyo subira, na nilijisifu moyoni kwa siku kama tatu hivi.

Ndege ya KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, Jumatatu jioni, ilichelewa saa tano. Shirika silitaji. Tulipofika mji wa kubadilishia ndege, ile ya Roma ilikuwa imeshaondoka, na nyingine yenye nafasi tatu ilikuwa usiku unaofuata. Karibu saa ishirini kwenye viti vya chuma. Tulipewa kuponi za chakula, basi.

Nilikwenda kaunta mara kumi na moja. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu. Kila mara nilisimama kwa adabu, nikajibiwa kwa adabu, nikarudi na jibu lilelile. Mama alitandika kanga, akavua viatu, akasali rozari, akalala. Alipoamka akaanza kutembea, mimi nikidhani ananyoosha miguu. Kumbe anasalimia wafagizi. Mama hana hata neno moja la lugha za pale, anachofanya ni kumpita kila mwenye ufagio na kusema, "Habari za kazi, mwanangu." Wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa nne akageuka kama amechomwa mwiba: "Nzuri, mama! Umetoka wapi?" Kijana wa Kakamega.

Yule kijana ndiye aliyetuonyesha chumba cha mapumziko ghorofa ya juu, bure, chenye viti vya kulalia kama vya ufukweni na taa hafifu. Kilikuwa hatua mia mbili tu kutoka ile kaunta niliyoisujudia mara kumi na moja. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza pa kulala. Nilikuwa nauliza ndege tu.

Naendelea jioni, mke ananiita.

Popo wa Magomeni

Nimeweka kambi. Uzi wenye mama mkwe ndani yake hauachwi.

Dada Kisima

"Kaunta niliyoisujudia" 😂😂 Mwalimu, mbona kama unamsema mume wangu?

Kijana Mtafutaji

Mkuu, kabla hujaendelea, weka mambo ya viza. Shilingi ngapi, siku ngapi, na walikuuliza nini?

Mwalimu wa Namba

Viza ina uzi wake, ila kwa kifupi: Schengen ya matembezi kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Mwaliko wa shemeji, barua ya kazi, taarifa ya benki, na hati za kuonyesha una sababu ya kurudi. Kwa mama tuliweka hati ya kihamba, shamba la ukoo. Kanuni inasema siku 15, na wanaweza kuzivuta hadi 45. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, kwa hiyo usifanye kama mimi niliyeomba wiki tano kabla kisha nikawa naamka usiku kuangalia simu.

Mzee wa Chai

Hii ni chai. Jamaa yuko Mwenge anaandika hadithi na bando la mia tano.

Mwalimu wa Namba

Mzee wa Chai, chai nzuri kule huipati, kule ni kahawa, na ngoja nikupe ya kahawa kabla ya kuendelea na begi.

Baa za kahawa za Roma, nyingi unalipa kwanza kwa mtu wa fedha, unapewa kirisiti, unakipeleka kaunta ndipo unatengenezewa. Unakunywa umesimama. Ukikaa, bei inapanda. Sisi tulisimama kaunta dakika kumi tukisubiri kuhudumiwa, mimi nameza, mpaka mama akaona wenzetu wote wana kikaratasi mkononi. Akanivuta shati.

Euro moja na senti ishirini. Kikombe kikaja. Mama akakitazama. "Hiki ni cha kuonja?" Nikamwambia ndicho chenyewe. Huyu ni mtu aliyechuma kahawa miaka arobaini na tano, mkumbuke. Akanusa, akanywa kwa mikupuo miwili, akasema, "Wanaiunguza." Halafu akauliza kikombe kimoja kinakula kahawa kiasi gani. Nikasoma kwenye simu: kama gramu saba. Nikageuza kirisiti nikampigia hesabu nyuma yake. Kilo moja iliyokaangwa ni vikombe 142. Mara 1.20, ni euro 170 na kitu.

Mama alikishika kile kirisiti muda mrefu. Kisha akakikunja vizuri akakiweka kwenye pochi, akasema, "Na sisi malipo ya pili bado."

Mpaka leo kirisiti kiko kwake. Anakitoa kwenye vikao vya chama.

Mkoboaji

Mwalimu hapo umenigusa pabaya. Sisi wa kahawa tukisikia "malipo ya pili" tunajua maana ya kusubiri. Unakabidhi mzigo, unapewa cha kwanza, halafu unaambiwa mnada bado. Mtoto anamaliza muhula.

Mwalimu wa Namba

Sasa begi.

Tulitua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, Jumatano, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Mpango wa awali ulikuwa tufike Jumanne, tulale, Jumatano mama akamwone Papa uwanjani, maana kila Jumatano asubuhi hukutana na mahujaji. Mama alishika saa yake pale kwenye mkanda wa mizigo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Papa ameshaanza."

Begi langu likaja. La mke wangu likaja. Mkanda ukazunguka na kigari kimoja cha mtoto, mara nne, mara tano, kisha ukasimama. Ile sauti ya mkanda ukisimama wanaoijua wanaijua.

Kwenye dawati la mizigo dada mmoja alituandikia ripoti. Ukipatwa na hili, usitoke eneo la mizigo bila hiyo karatasi. Ina namba inayoanza na herufi tatu za uwanja, kwa Fiumicino ni FCO, kisha herufi mbili za shirika, kisha tarakimu tano. Ndiyo utakayofuatilia nayo. Akauliza rangi, ukubwa, kilichomo. Mama: "Mwambie ndizi." Nikasema ndizi. Dada akaandika *banane*, kisha akainua uso. Ngapi? Mama akanyoosha vidole vitano: chane tano. Dada akaandika 5. Ndizi tano! Nikaanza kufafanua, mama akasema niache, akiona zimezidi atafurahi.

Mwisho dada akapandisha mabega, akamwambia mama, "*Pazienza, signora*." Mke wangu akatafuta kwenye simu: subira. Mama akapenda sana. Akawa analitumia neno hilo kila mahali, "pasiensa, pasiensa", akiamini watu wale ni wacha Mungu, wanahimizana subira hata kazini.

Binti wa Lamu Road

Aa, hapo mwalimu mlifasiri ndivyo sivyo. Mimi mtu wa Malindi, Waitaliano tumeishi nao, watoto wa ufukweni kwetu wazungumza Kiitaliano kabla hawajamaliza shule. *Pazienza* kwenye kamusi ni subira, sawa. Lakini mtu akikwambia hivyo na mabega juu, maana yake ni "basi tena", "ndiyo ishakuwa". Si kwamba akuhimiza ungoje. Akwambia yeye kashamaliza.

Na niwachekeshe. Nilifanya kazi hotelini miaka sita. Mtaliano akifika Malindi, gari la uwanjani likichelewa nusu saa, ni kelele mpaka mnazi watikisika, "Afrika! Afrika!" Sasa nawasoma nyinyi mwasota kwao, nacheka peke yangu.

Mwalimu wa Namba

Binti, nimemsomea mke wangu, amecheka mpaka kakaa chini. Mwaka mzima mama anawaambia watu Kibosho kwamba Italia kila mtu anahimiza subira!

Lakini sasa naona tofauti niliyokuwa naitafuta. Mimi nilivyokuwa nameza mate pale kaunta, ile haikuwa subira. Ilikuwa hiyo *pazienza* ya mabega. Nilikuwa nimeshakata tamaa kwa adabu.

Kuli wa Anga

Niongezee kitaalamu, nimefanya mizigo uwanjani miaka mingi. Mkataba wa Montreal wa 1999 ndio unaotawala hapo. Begi lililochelewa, peleka madai kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Lililoharibika, ndani ya siku 7. Likipitisha siku 21 halijafika, linahesabika limepotea. Na weka risiti za kila ulichonunua kwa sababu ya kuchelewa, mswaki, nguo za ndani, vyote. Wengi wanasubiri tu, wanakuja kudai mwezi wa tatu.

Dereva wa Lubumbashi

Wakuu, mimi nawasoma nikiwa foleni ya mpakani siku ya sita. Saa ishirini? Kwenye kiyoyozi? Na kuponi ya chakula? Mwalimu, ulikuwa likizo kweli wewe.

Mwalimu wa Namba

Dereva, umenishinda, sina la kujibu 🙏

Twende Ijumaa. Siku mbili tulikaa Roma kwenye nyumba ya wageni ya masista. Joto la Juni. Mama alivaa nguo za mke wangu, ambazo ni fupi kwa viwango vya Kibosho, kwa hiyo alizifunika na kanga na watu walimpiga picha. Alichokipenda kuliko magofu yote ni mabomba ya barabarani. Roma ina mabomba ya chuma zaidi ya elfu mbili, wanayaita *nasoni*, yaani mapua makubwa, kwa sababu mrija umejikunja kama pua. Maji yanatoka mchana na usiku, hayana koki. Ukiziba mdomo wa mrija kwa kidole, maji yanaruka juu kwenye tundu dogo, unakunywa bila kuinama. Mama aliziba, yakamrukia usoni, akacheka kama msichana. Kisha akakasirika: zamu ya nani hii? Kwao maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, yana zamu, mtu akiyaacha yapotee anaitwa kikaoni.

Ijumaa tukaenda stesheni ya Termini, tiketi za Bologna mkononi, treni ya saa nne na nusu. Ubao mzima umejaa neno moja jekundu. *Cancellato*, yaani imefutwa. Mgomo. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Hapo nikameza, nikakaa chini, nikaanza kuburuza kidole kwenye simu. Mama akaninyang'anya tiketi, akaenda nazo mwenyewe kwa mtu mwenye fulana ya wafanyakazi wa stesheni. Sijui walizungumza lugha gani. Alirudi na karatasi yenye namba za treni, moja imezungushiwa duara, na saa 17:35. Yaani kumi na moja na thelathini na tano. Tulibadilishiwa bila kulipa hata senti.

Msomi wa Padova

Mimi niko huku masomoni, nisaidie kidogo. Mgomo wa Italia una ratiba kuliko treni yenyewe. Sheria namba 146 ya 1990 inalazimisha huduma muhimu zitangaze mgomo mapema, na kiwango fulani cha huduma kibaki. Treni za mikoani siku za kazi zinahakikishiwa saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Za masafa marefu kuna orodha ya namba ambazo zitatembea hata mbingu zianguke. Kalenda ya migomo iko kwenye tovuti ya wizara ya uchukuzi. Ukinunua tiketi ya Ijumaa bila kuiangalia, wenyeji wanakucheka. Migomo inapenda Ijumaa.

Popo wa Magomeni

Kwa hiyo hata mgomo una siku yake. Sisi umeme ungekuwa na adabu hiyo.

Mwalimu wa Namba

Msomi, asante. Sikuangalia kalenda, kosa langu lile. Mwalimu wa hesabu asiyesoma ratiba.

Saa saba pale Termini. Sitazisimulia zote, nyingine tulilala tu. Treni yenyewe iliondoka na nyongeza ya dakika sabini, tukafika Bologna usiku kama saa tatu na nusu. Nimechoka, nina njaa, na siku tano za kumeza zimefika kooni. Tunatoka nje ya stesheni, shemeji na mumewe wametupokea, mtoto kifuani. Nikainua macho, naona saa kubwa ya ukutani inasema saa nne na dakika ishirini na tano. Nikapasuka. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mama mkwe: watu hawa treni hazitembei, mabegi hayafiki, hata saa ya stesheni imewashinda kutia betri!

Shemeji hakunijibu. Mumewe haelewi Kiswahili lakini aliona ninakoelekeza kidole, akatazama chini.

Ndani ya gari ndipo shemeji aliponiambia taratibu. Ile saa imesimamishwa makusudi. Tarehe 2 Agosti 1980, Jumamosi, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, bomu lililipuka kwenye chumba cha kusubiria abiria. Watu 85 walikufa, zaidi ya 200 walijeruhiwa. Ulikuwa msimu wa likizo, wamejaa na mabegi yao na watoto wao wanangoja treni.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Chumba kipo, kinatumika, watu wamekaa wanasubiri. Ukutani wameacha ufa mrefu palepale ulipopasuka, na bamba la majina na umri wa kila mmoja. Nilisoma umri. Mimi ni mtu wa namba. Kuna 3 pale.

Sikukaa sana.

Dada Kisima

😔

Mzee wa Chai

Mwalimu, nafuta kauli yangu ya Mwenge.

Kijana Mtafutaji

Na begi?

Mwalimu wa Namba

Begi lilifika Jumatatu. Lilikwenda kwanza kwa masista Roma, maana ndiyo anwani tuliyoiandika, likarudishwa, likaletwa Bologna kwa gari la mizigo. Walisema litafika kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na lazima awepo mtu. Mama alibaki.

Katikati, Jumapili, sisi wawili tulikwenda Pisa. Nililipa faini kwenye treni kwa sababu tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima uigonge kwenye kile kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, na mimi sikugonga. Mkaguzi alinisikiliza vizuri sana kisha akaandika faini. Mnara umelala kweli. Basi.

Fundi Msingi

Mwalimu usipite Pisa haraka hivyo, pale ndipo pana subira yenyewe. Ujenzi ulianza 1173. Mwaka 1178, wako ghorofa ya tatu, mnara ukaanza kuzama upande mmoja, kwa sababu chini ni udongo laini na msingi wake ni mfupi, kama mita tatu tu. Kazi ikasimama karibu miaka mia moja, kwa vita na mambo mengine. Wakarudi 1272. Sasa hiyo karne nzima ya kusimama ndiyo iliyouokoa: udongo ulipata muda wa kukamuka maji na kushikana chini ya ule uzito. Wangeunganisha moja kwa moja mpaka juu, ungeanguka. Ukakamilika karne ya 14.

Mwaka 1990 waliufunga kwa hatari. Walichofanya ni kuchokonoa udongo kidogo kidogo upande wa pili, ule usiozama, mpaka mnara ukarudi kama nusu mita. Ukafunguliwa tena Desemba 2001. Miaka kumi na moja umefungwa, halafu dawa yenyewe ni kuchokonoa kama kwa kijiko, mwite fundi wa mtaani uone kama atakubali.

Mwalimu wa Namba

Fundi, ungekuwa pale nisingekula ile aiskrimu nikiwa nimenuna.

Haya, begi. Tulikuwepo wote lilipofunguliwa. Harufu ilitangulia. Wiki nzima ndani ya begi, joto la Juni, kwenye vitenge. Zimeiva, nyingine zimepasuka, vitenge vimelowa utomvu. Mke wangu akataka kuchangamsha watu, akasema, "Mama, si wanasema mstahimilivu hula mbivu?"

Mama alimtazama mwanawe. "Aliyesema hivyo hakuwahi kupika mtori."

Maana mbivu haipiki mtori, wakuu. Mtori unataka mbichi. Ukiwa na mzazi ndani, mbivu ni hasara.

Nilifikiri sasa atakaa chini alie. Aliomba mfuko wa taka, akachambua: zilizooza huku, zinazolika huku. Akaosha vitenge kwenye beseni la kuogea. Akamuuliza shemeji wapi wanauza ndizi za kijani. Kuna duka la watu wa Amerika ya Kusini karibu na soko, wana ndizi kubwa za kukaanga, zile ngumu. Mama akazibonyeza moja moja, akasema siyo zenyewe, akanunua. Mkwe wa shemeji, bibi wa Kibologna, akaleta sufuria ya supu ya kuku. Mama akaionja, akaitumia kuchemshia. Nyama ya ng'ombe wakanunua pale. Akaponda kwa mwiko mpaka mkono ukachoka, hakuna kinu. Ulikuwa na rangi ambayo mtori hauna.

Shemeji alikula bakuli mbili. Bibi wa Kibologna alikula moja, akaomba aandikiwe. Mimi ndiye niliyeandika.

Mkoboaji

Na zile mbivu?

Mwalimu wa Namba

Nilizila mimi. Wiki nzima.

Binti wa Lamu Road

Mwalimu, na Papa je? Mama alimwona au ndiyo *pazienza*?

Mwalimu wa Namba

Jumatano iliyofuata tulirudi Roma, tukakata tiketi baada ya kuangalia kalenda ya migomo mara mbili. Tulipanga foleni ya ukaguzi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapata viti pembeni mwa njia anakopita na gari. Jua likapanda. Saa mbili. Saa tatu. Mama akasema anakwenda bombani mara moja, kuna bibi wa Poland hapo nyuma anataka kuzimia.

Papa akapita. Mita nne kutoka kwetu. Mimi na mke wangu tumesimama juu ya viti tunampungia mkono na kumtafuta mama kwa macho wakati mmoja.

Alirudi na chupa mbili za maji, kanga imelowa. Alikuwa kwenye foleni ya bomba gari lilipopita. Nilianza kumwomba radhi, sijui kwa nini mimi. Akampa bibi wa Poland maji kwanza, akakaa, akafuta uso.

"Nimeona kisogo," akasema. "Kisogo nacho ni chake."